Namna ya Kutoa Maoni Barazani juu ya Riwaya Uliyoimaliza

Katika mabaraza mengi ya Unguja na Pemba, riwaya moja huzunguka mikononi mwa watu saba au wanane kabla ya kurudi kwa mwenyewe. Riwaya za Kiswahili madukani ni chache, na nyingi katika zile zilizochapishwa miaka ya 1970 na 1980 hazionekani tena ila katika makabati ya watu. Kwa sababu hiyo, mtu anapokaa barazani baada ya sala ya Isha akasema kwamba amemaliza kitabu, wanaomsikiliza huwa ni wa namna tatu: wamo waliokwisha kukisoma, yumo anayekisoma hivi sasa na amefika katikati, na wamo wanaongojea zamu yao. Maoni yake yanatakiwa yawafae wote hao kwa wakati mmoja, yaani yampe wa kwanza jambo la kujadili, yasimharibie wa pili, na yamtie hamu wa tatu. Kazi hiyo ina utaratibu wake, nao hufundishika.

Nauandika mwongozo huu kwa ajili ya vijana wa skuli na watu wazima ambao wanasoma na wana la kusema, lakini wakipewa nafasi huishia kwenye "kitabu kizuri" au "mimi hakikunikaa". Maneno hayo hayana kosa, ila msikilizaji hana pa kuyashika.

Hatua ya kwanza: weka alama wakati unasoma

Maoni hutayarishwa kitabu kikiwa bado mkononi. Kata vijikaratasi vyembamba, viweke pamoja na kalamu ya risasi, na kila unapofika mahali ambapo umesita, umecheka, umekasirika au umelazimika kurudi nyuma kusoma tena, tia kijikaratasi na uandike juu yake maneno matatu au manne. Usipige mistari ndani ya kitabu, kwani si chako peke yako, na mstari wa msomaji wa kwanza humvuta wa pili pahala ambapo pengine yeye angepita kwa njia yake. Andika namba ya sura pamoja na ya ukurasa, kwa sababu riwaya iliyopigwa chapa mara kadhaa hutofautiana kurasa, na mwenzako mwenye toleo jengine atapoteza robo saa akiutafuta mstari unaousema.

Ukimaliza kusoma, usiende kuzungumza siku ile ile. Acha zipite siku mbili tatu, kisha vipitie vijikaratasi vyako. Vile ambavyo bado unakumbuka kwa nini uliviweka ndivyo vitakavyobeba maoni yako, na vilivyobaki vitoe. Katika riwaya ya kurasa mia mbili mimi hubakiwa na vinne au vitano, na hivyo vinatosha kwa mazungumzo ya usiku mzima.

Hatua ya pili: tanguliza hukumu yako, kisha onesha mahali

Wengi huanza kwa kusimulia hadithi yote tangu mwanzo, wakaiweka hukumu yao mwisho, wakati kahawa imeshapoa na watu wanatafuta viatu vyao. Ugeuze mpangilio huo. Sema kwanza, kwa sentensi moja iliyokamilika, kitabu kimekufanya nini na kimefanya kwa njia gani. Chukua mfano wa Utengano ya Said Ahmed Mohamed, mwandishi mzaliwa wa Pemba, iliyotoka mwaka 1980. Msomaji anaweza kuanza hivi: "Riwaya hii imenifanya nimwonee huruma Maimuna tangu sura za mwanzo, kwa vile mwandishi ametuingiza katika nyumba ambamo binti hufungiwa ndani kwa jina la heshima, na Maksuudi, baba mwenye kuidai heshima hiyo, haishiki yeye mwenyewe akitoka nje." Hapo imo hisia ya msomaji, wamo wahusika, na imo sababu inayotoka ndani ya kitabu. Atakayetaka kupinga anajua pa kuingilia: anaweza kusema kwamba huruma hiyo inapungua Maimuna anapoanza kujiamulia mambo yake, au kwamba Maksuudi amechorwa muovu mno hata akakosa ubinadamu. Mazungumzo yameshaanza, na hakuna aliyelazimika kusikiliza muhtasari wa dakika ishirini.

Baada ya hukumu, fungua kitabu. Chagua kifungu kimoja kisichozidi ukurasa, kisome kwa sauti na kwa utaratibu, halafu eleza ni neno gani au tendo gani ndani yake lililokufikisha kwenye rai yako. Hatua hii ndiyo ninayoishikilia kuliko zote, na ningependa aliyechoka kusoma mwongozo huu aondoke angalau na hii. Mtu akisema kwamba mwandishi "amejaza siasa", au "hawajui wanawake", au "amemaliza kwa haraka", ametoa madai, na watu wetu wanajua tangu katika mabaraza ya makadhi kwamba mdai ndiye anayetakiwa kuleta ushahidi. Ushahidi wa madai juu ya riwaya umo ndani ya riwaya. Lile usiloweza kulionesha mahali pake, lizuie hadi utakapolipata, kwani huenda umelisikia kwa mwengine au umelileta kutoka kitabu chengine. Yamenifika mara kadhaa kwenda kutafuta kifungu cha kuthibitisha lawama yangu nikakuta kwamba mwandishi hakusema nilivyodhani, na mara mojawapo nilikuta amesema kinyume chake kwa uwazi kabisa.

Hatua ya tatu: taja miaka miwili

Kila riwaya ina mwaka iliochapishwa na ina miaka inayoisimulia, na si vyema kuichanganya. Kuli ya Shafi Adam Shafi ilichapishwa mwaka 1979, lakini inasimulia maisha ya wapakizi wa bandarini Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948. Baina ya miaka hiyo miwili yamepita Mapinduzi ya Januari 12, 1964, na kwa hiyo mwandishi anauandika mgomo huo huku akijua yaliyokuja baadaye, wakati Rashidi, mhusika wake, hayajui. Msomaji akilitaja jambo hili kwa sentensi moja, wasikilizaji wataelewa kwa nini baadhi ya mazungumzo ya makuli yana uthabiti wa watu wanaoiona kesho. Nalo likiachwa, kijana anaweza kuondoka akiamini kwamba ameshika kitabu cha historia kilichoandikwa mwaka wa mgomo wenyewe.

Hatua ya nne: simulia kwa kiasi

Kanuni ninayoitumia ni kwamba robo ya mwanzo ya riwaya ni mali ya wote, na kilichobaki ni amana. Katika robo hiyo unaweza kuwataja wahusika, mandhari, na lile tatizo linaloifungua hadithi. Zaidi ya hapo, zungumzia namna mambo yanavyosimuliwa, na uyafiche yanayotokea.

Riwaya za upelelezi zinahitaji uangalifu wa ziada, na sisi Wazanzibari tuna urithi nazo. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa mwaka 1960, ndiyo iliyomleta kwa wasomaji Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko na subira, ambaye baadaye alirudi katika riwaya nyengine kadhaa. Ukitoa maoni juu ya kitabu cha aina hiyo, eleza mwandishi anavyozitawanya dalili mbele ya macho yako nawe usizione, eleza jinsi anavyokufanya umshuku mtu asiyehusika, lakini jina la mwenye kutenda lisikutoke hata kwa fumbo. Fumbo huteguliwa upesi zaidi kuliko mtu anavyofikiri. Niliwahi kutoa fumbo la namna hiyo mbele ya binti wa jirani aliyekuwa akingojea zamu yake kwa wiki tatu, na siku ya pili alikirudisha kitabu akiwa amesoma kurasa chache tu. Hakunilaumu, lakini tokea siku hiyo niliweka sharti la kuuliza kwanza nani bado hajasoma.

Ikiwa rai yako yote imekaa juu ya mwisho wa kitabu, basi mazungumzo yagawanywe mara mbili: ya kwanza kitabu kikiwa bado kinazunguka, na ya pili zamu zitakapokwisha. Mwisho wa riwaya ukingojewa hujadiliwa vizuri zaidi, kwa sababu kila mmoja huwa ameshaubeba moyoni kwa muda wake.

Hatua ya tano: mtenge mwandishi na mhusika

Mhusika akisema uongo, mwandishi hajasema uongo. Msimulizi akimdharau mtumwa au mwanamke, tazama kwanza kama riwaya nzima inaiunga mkono dharau hiyo au inaifichua. Badala ya kusema "Mwandishi anasema kwamba maskini hana akili," sema "Mwandishi amempa Bwana fulani maneno haya, na sura ya tano inatuonesha matokeo yake." Hakuna zaidi ya hilo hapa, ila lazima lizoeleke ulimini.

Hatua ya sita: izungumzie lugha kama mtu anayeijua

Kiunguja cha mjini ndicho kilichochukuliwa kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, ambacho Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilikisimamia, na jambo hilo limetufanya baadhi yetu tudhani kwamba lugha ya riwaya zetu haina haja ya kuelezwa. Lakini waandishi wa visiwa hivi huingiza pia maneno na matamshi ya Kipemba, ya Kimakunduchi na ya Kitumbatu, hasa vinywani mwa wahusika wa shamba na wa pwani, na msomaji wa Mji Mkongwe hupita juu ya maneno hayo bila ya kujua kwamba yana uzito. Unapokuta neno usilolifahamu, liandike. Litafute katika Kamusi la Kiswahili Fasaha lililotolewa na BAKIZA, yaani Baraza la Kiswahili la Zanzibar, mwaka 2010, na usipolipata humo, nenda kamuulize mvuvi au bibi anayesuka ukili. Ukirudi barazani na neno moja lililofafanuliwa vizuri, ukaeleza kwa nini mhusika yule alilitumia yeye na mwenziwe hakulitumia, umetoa maoni yenye faida kuliko kusema mara kumi kwamba lugha ya kitabu ni tamu.

Riwaya iliyofasiriwa ina haki mbili. Paradise ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, iliandikwa kwa Kiingereza na kuchapishwa mwaka 1994, kisha ikafasiriwa na Ida Hadjivayanis ikatoka kwa Kiswahili mwaka 2022 kwa jina la Peponi. Ukisifu ujenzi wa kisa, yaani namna Yusuf anavyoondolewa kwao kwa ajili ya deni la baba yake na namna ukweli huo unavyomfikia kidogo kidogo, unamsifu mwandishi. Ukisifu mdundo wa sentensi uliyoisoma, mfasiri naye apewe sehemu yake kwa jina, kwani ni yeye aliyelichagua neno hilo kati ya mengi.

Hatua ya saba: yanapoguswa ya nyumbani

Hapa ndipo penye uzito, na ndipo mazungumzo mengi ya riwaya yanapovunjika. Sehemu kubwa ya riwaya za Zanzibar zinahusu mashamba ya mikarafuu na wenyewe, utwana na umwinyi, siasa za kabla ya uhuru, Mapinduzi, na yaliyofuata. Ardhi ilipotaifishwa baada ya mwaka 1964 na kugawiwa kwa eka tatu tatu, wapo waliopata na wapo waliopoteza, na watoto na wajukuu wa pande zote mbili leo wanakaa juu ya baraza moja wakinywa kahawa kutoka dele moja. Mtu akifungua kitabu kama Kasri ya Mwinyi Fuad, ya Shafi Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1978, akaanza kusema anavyomchukia mwinyi huyo, inawezekana pembeni yake amekaa mtu ambaye babu yake aliishi katika nyumba inayofanana na ile kasri, na upande wa pili amekaa mtu ambaye bibi yake alifua nguo katika nyumba hiyo.

Siwashauri watu wanyamaze. Riwaya hizo ziliandikwa ili zisomwe na zizungumzwe, na baraza inayozikwepa inajinyima hazina yake kubwa. Ninachoshauri ni mpangilio wa kusema. Anza ndani ya kitabu, kwa kueleza riwaya inachosema na inavyokisema: nani amepewa nafasi ya kufikiri mbele yetu na nani tunamwona kwa nje tu, nani ana jina na nani anaitwa kwa kazi yake, ukatili unaelezwa kwa muda mrefu au unapitwa kwa sentensi moja. Maswali haya yanaweza kujibiwa na mtu yeyote aliyesoma, awe babu yake ni nani. Yakishajibiwa, ndipo mlango ufunguliwe kwa anayetaka kueleza aliyoyasikia kwa wazee wake, naye ayaeleze kwa jina lake hilo, yaani kumbukumbu ya nyumba moja. Kumbukumbu hiyo isitumiwe kuihukumu riwaya kwamba imesema uongo, na riwaya isitumiwe kumhukumu mzee wa mtu.

Lipo kosa moja ambalo sina budi kulitaja waziwazi, nalo ni kuwatafutia wahusika majina ya watu wa mtaani. Mtu husema, "Huyu mwinyi ni fulani wa mtaa fulani, kila mtu anajua." Hata kama anaamini hivyo, barazani si pahala pake. Mwandishi ametunga mtu kutokana na watu wengi na kutokana na fikra zake, na anayemrudisha mhusika huyo kwa jirani mmoja anaidhulumu riwaya na anamdhulumu jirani kwa pamoja. Likitokea, mwenye kuongoza mazungumzo ayakate hapo hapo kwa upole na aombe kitabu kifunguliwe.

Kufungua kitabu ndiyo dawa niliyoiona ikifanya kazi. Katika baraza moja huko Pemba, sauti zilikuwa zimeshapanda juu ya suala la nani alimdhulumu nani, hata kitabu kikasahauliwa mkekani. Mzee mmoja ambaye hakuwa amesema neno usiku kucha alikiokota, akamwomba kijana asome tena ile sura, polepole. Ilisomwa kwa dakika kama kumi. Iliposomwa, watu walirudi kumzungumza mama wa sura ile, ambaye katika mabishano yote hayo hapakuwa na hata mmoja aliyemtaja.

Hatua ya nane: chunga nani amekaa nawe

Mtu anaweza kuwa amekaa na mkwewe, na ami yake, na mwanawe wa skuli. Riwaya zina mapenzi, zina ulevi, zina mambo ya ndani. Lugha yetu ina tasfida za kutosha kuyasema hayo bila ya kuyavua nguo, na kuzitumia si kuificha riwaya. Sema "walipokutana faragha", kisha ueleze jambo hilo limebadilisha nini katika maisha ya wahusika, kwa kuwa hilo ndilo linalohusu maoni yako. Kulipita kimya kana kwamba halimo ni kumpotosha atakayekipeleka kitabu nyumbani kwake. Mwambie mapema kwamba yamo, ili ajue amsomee nani.

Katika vikao vya wanawake wanaosuka ukili au kushona kofia, mara nyingi mmoja husoma kwa sauti na wengine husikiliza huku mikono ikifanya kazi. Wasikilizaji hao wana maoni ambayo msomaji wa kimya hawezi kuyapata, kwa mfano ni mazungumzo gani yanayochanganya kwa sababu hayaoneshi nani anasema, na ni maelezo gani marefu yaliyowafanya wapoteze kisa. Waulizwe hayo hasa. Mengi niliyoyajua kuhusu ufundi wa usimulizi nimeyapata kwa watu ambao hawakukishika kitabu mkononi.

Hatua ya tisa: kupinga, na kupisha

Mdogo atangulie kusema. Desturi yetu humpa mkubwa nafasi ya kwanza, na katika mambo mengi ni sawa, lakini maalim akishatoa hukumu yake juu ya riwaya, kijana wa miaka kumi na saba hataitoa yake tena. Wazee niliowaomba jambo hili walikubali kwa moyo mweupe, na wengine walisema wamefurahi kusikia kwanza.

Unapopinga, rudia maneno ya mwenzako kabla ya kuyajibu. Tuseme mnazungumzia riwaya ya Nyota ya Rehema: "Maalim, umesema kwamba Rehema alikubali dhiki zake kupita kiasi. Mimi nimeona katika kifungu hiki kwamba alikataa, ila alikataa kwa kuondoka." Mwenzako akiona umemfahamu, na umekuja na kifungu cha riwaya hiyo mkononi, atakusikiliza hata akibaki na rai yake. Nawe ukipingwa kwa kifungu usichokiona ulipokuwa ukisoma, kiombe kitabu, kisome papo hapo, na kama rai yako imegeuka, sema kwamba imegeuka.

Kabla ya watu kuinuka, vijikaratasi vyako vitoe vyote kitabuni, jalada livalishwe karatasi mpya ikiwa la zamani limechanika, na daftari la zamu liandikwe jina la anayekichukua pamoja na tarehe ya kukirudisha. Wiki mbili zinatosha kwa riwaya ya kurasa mia mbili. Katika mwezi wa Ramadhani, na wakati wa msimu wa karafuu kwa wenzetu wa Pemba, aongezwe wiki moja. Atakayekipokea aulizwe pia siku gani atakuwa tayari kusema aliyoyaona, na siku hiyo nayo iandikwe.